Kupanga udhibiti wa vumbi saiti: mwongozo kamili kwa msimamizi wa ujenzi

Saiti nyingi huanza kulifikiria vumbi siku jirani anapokuja getini na shuka jeupe lililogeuka rangi ya udongo. Siku hiyo boza la maji linakodiwa mbiombio, vibarua wanakabidhiwa mpira wa maji, na kwa wiki nzima kila kinachoonekana kinamwagiwa. Wiki ya pili boza limerudi kwa mwenyewe, na vumbi limerudi mahali pake.

Nami nimewahi kuwa miongoni mwa waliokimbilia mpira wa maji. Nilichotoka nacho huko ni kwamba vumbi hupangiwa kabla katapila halijashushwa kwenye trela, na ugumu wa mpango uko sehemu tatu: mpangilio wa kazi, hesabu ya maji, na mtu mmoja aliyeruhusiwa kusema "simama" akasikilizwa. Hatua zilizo hapa chini zimefuata utaratibu ninaopangia mimi. Saiti ndogo ya nyumba moja inaweza kuruka baadhi yake, ila isiruke ya kukata na kusaga.

Hatua ya 1: Tenganisha vumbi la ardhi na vumbi la kukata

Neno ni moja, lakini saiti ina vumbi la aina mbili zenye tabia tofauti.

La kwanza ni la ardhi. Linainuliwa na tipa, greda, ekskaveta na upepo. Linaonekana toka mbali, linachafua nguo na madirisha, linaziba macho ya dereva, na ndilo linaloleta malalamiko. La pili linatoka kwenye grainda, msumeno wa zege, drili, nyundo ya umeme na mashine ya kusaga sakafu. Kwa wingi ni dogo. Kwa mapafu ndilo baya zaidi, kwa sababu zege, tofali, vigae, mchanga na mawe mengi yana silika ya fuwele ndani yake.

Tofauti hiyo inatokana na ukubwa wa chembe. Mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa binadamu una unene wa kama mikromita 70. Chembe ya mawe ya mikromita 100 ikiachiwa kutoka urefu wa mita 2 hutua chini kwa sekunde chache. Ya mikromita 10 huchukua kama dakika 4 kama hewa imetulia kabisa. Ya mikromita 4, ambayo inaweza kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, inaelea karibu nusu saa, na ya mikromita 1 inaelea saa nyingi. Kwa hiyo fundi anayekata vigae chumbani, akazima mashine, akavua barakoa na kukaa papo hapo kunywa chai, anaendelea kuvuta kile kile alichokikata. Hewa inaonekana safi machoni pake kwa sababu chembe kubwa zimeshatua.

Silika ya fuwele inayovutwa kazini iliorodheshwa mwaka 1997 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la 1, yaani vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Huleta pia silikosisi, makovu ya mapafu yasiyo na tiba, na humweka mtu kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Handaki la Hawks Nest huko West Virginia, Marekani, lilichimbwa mwaka 1930 na 1931 kwenye mwamba wenye silika nyingi, na miamba ikatobolewa bila maji. Wafanyakazi waliokufa kwa silikosisi walikuwa mamia, wengine wakiwa wamefanya kazi humo kwa miezi tu.

Kipimo kimoja cha kukaa nacho kichwani: kanuni ya mwaka 2016 ya OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, inaweka kikomo cha silika inayovutwa kuwa mikrogramu 50 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wastani wa saa 8. Chumba cha mita 5 kwa 4 chenye dari ya mita 2.5 kina mita za ujazo 50. Kukifikisha kwenye kikomo hicho zinatosha miligramu 2.5, uzito wa punje makumi kadhaa za chumvi ya mezani. Kata moja kavu ya grainda kwenye zege inamwaga zaidi ya hapo bila shida.

Andika basi orodha mbili tofauti kwenye mpango wako. Ukizichanganya, utajikuta unanunua boza kubwa la barabarani huku fundi wa vigae akikata kavu ghorofa ya tatu na hakuna anayemtazama.

Hatua ya 2: Tembea kiwanja ukiwa na mchoro mkononi

Chukua ramani ya kiwanja, hata kama ni ya mkono, utembee nayo asubuhi na urudi mchana. Upepo wa saa mbili asubuhi si ule wa saa tisa alasiri. Sehemu nyingi hewa hutulia asubuhi na kuchangamka jua likishaipasha ardhi moto. Funga utepe mwepesi juu ya mti mrefu kwenye pembe mbili za kiwanja siku chache kabla ya kuanza, na uandike unaelekea wapi kila baada ya saa chache. Ni kazi ya dakika moja kwa mlinzi. Waulize pia wenyeji upepo hugeukia wapi msimu ukibadilika, kwa sababu mradi wa mwaka mzima utakutana na zaidi ya upepo mmoja.

Kwenye mchoro weka alama kwa kila kitu kinachoweza kuumizwa na vumbi: madirisha ya majirani, shule, zahanati, jiko la chakula, kisima kilicho wazi, barabara ya umma, bustani, paneli za sola, matundu ya viyoyozi vya jengo la pili. Kisha weka alama kwa kila kitakachozalisha vumbi: geti, njia za magari, malundo ya udongo, mahali pa kukatia, mahali pa kuchanganyia zege. Ukiona mstari mfupi kutoka lundo hadi dirisha, na upepo unapita humo humo, hamisha lundo sasa likiwa bado alama ya penseli.

Mahali pa kukatia napaangalia kuliko vyote. Mazoea ni kila fundi kukata aliposimama. Chagua sehemu moja au mbili zenye maji na umeme, zilizo upande ambao upepo unatoka kwenye nyumba za watu kuelekea mahali patupu, ziandike kwenye mchoro, halafu usikubali grainda ya zege iwashwe kwingine bila sababu.

Hatua ya 3: Punguza chanzo kabla hujafikiria maji

Maji ni dawa ya vumbi ambalo umeshindwa kulizuia lisitokee. Kabla ya kuyahesabu, jiulize kazi ipi inaweza kupangwa upya.

Usivue ardhi yote siku ya kwanza. Katapila likishafika, dereva angependa asafishe kiwanja kizima kwa siku mbili aende zake, na mhasibu atamuunga mkono. Lakini kila mita ya mraba iliyovuliwa majani ni mita utakayoimwagia maji hadi siku itakapojengwa. Vua kwa awamu, na acha majani yasimame kandokando ya mipaka kwa muda mrefu kadiri kazi itakavyoruhusu.

Jenga njia za magari kwanza. Kama mradi utaishia kuwa na barabara ya ndani ya lami au zege, weka tabaka la chini la kokoto lililoshindiliwa mwanzoni kabisa, magari yatembee juu yake. Ni gharama ile ile ya baadaye, umeitanguliza tu.

Agiza vitu vikiwa vimekatwa. Vigae, tofali na mawe yanayokuja kwa vipimo vya mchoro hukatwa kidogo. Mbunifu anayekubali kusogeza ukuta kwa sentimita chache ili tofali zima litoshe anaokoa mamia ya kata. Mazungumzo hayo hufanyika michoro ikiwa bado mezani.

Malundo yawe mafupi na mapana, yenye mteremko laini, mbali na njia ya magari. Lundo litakalokaa zaidi ya wiki chache lifunikwe kwa turubai au liote nyasi. Mchanga na saruji iliyomwagika ni vyepesi kwa upepo kuliko udongo wa mfinyanzi ulioganda, navyo viende kwenye banda lenye kuta pande tatu.

Na urefu wa kumwagia. Mwambie dereva wa ekskaveta ashushe kijiko hadi kikaribie bodi ya tipa ndipo afungue. Mita moja badala ya tatu ni tofauti unayoiona kwa macho, na haigharimu kitu. Kifusi cha ghorofani kishuke kwa bomba lililofungwa linaloishia kwenye kontena lenye turubai, kamwe kisirushwe dirishani.

Hatua ya 4: Fanya hesabu ya maji

Hapa ndipo mipango mingi inapoanguka. Utakuta imeandikwa "maji yatanyunyizwa mara kwa mara", sentensi isiyosema ni lita ngapi, zinatoka wapi, na nani anayezileta.

Lita 1 kwa mita ya mraba ni sawa na milimita 1 ya mvua. Kwa njia ya udongo iliyoshindiliwa, nusu lita kwa mita ya mraba kwa kila mzunguko ni mahali pazuri pa kuanzia, kisha utarekebisha kulingana na udongo wako. Tuchukue njia ya mita 600 yenye upana wa mita 6:

Eneo: 600 × 6 = mita za mraba 3,600
Mzunguko mmoja: 3,600 × 0.5 = lita 1,800
Siku ya jua na upepo, kila baada ya muda wa saa 2 kwa kazi ya saa 10: mizunguko 5 = lita 9,000
Eneo la kuchimba na malundo, mita za mraba 2,000, mara 3 kwa siku: lita 3,000
Kuosha magurudumu na sehemu ya kukatia: tuseme lita 1,000

Jumla ni lita 13,000 kwa siku. Boza la lita 5,000 litahitaji safari 3. Kwenye karatasi inaonekana rahisi. Sasa tazama pampu: ikitoa lita 100 kwa dakika, kujaza boza kunakula dakika 50. Ongeza dakika 40 za njiani na za kunyunyiza, umefika saa 1 na nusu, na njia inakauka kwa muda wa saa 2. Umebaki na nusu saa ya kuharibikiwa. Pancha moja na saiti nzima iko kwenye wingu. Mara nyingi dawa ni tangi la akiba lililoinuliwa juu, linalojazwa polepole usiku na kulijaza boza kwa dakika chache asubuhi. Boza la pili ni la mwisho kufikiriwa.

Wakati wa kumwagia una uzito kuliko wingi. Mzunguko wa kwanza upite kabla ya tipa la kwanza kuingia. Ardhi itakayochimbwa kesho imwagiliwe leo jioni, maji yazame usiku. Ukimwagia juu juu dakika kumi kabla ya kuchimba, unalowesha sentimita mbili za juu na kijiko kinafukua kikavu cha chini. Matone yawe madogo na yaliyosambaa. Mkondo mnene wa mpira hupasua uso wa udongo, na ukikauka umeacha chembe zilizolegea kuliko mwanzo.

Kuzidisha nako ni kosa. Njia ikigeuka tope, magurudumu yanalibeba tope hadi barabara ya umma, linakauka huko, na vumbi ulilodhani umelizima linazaliwa upya nje ya geti mbele ya watu wote. Kipimo changu ni cha mguuni: kanyaga njia baada ya boza kupita. Kiatu kikiinua vumbi, maji ni machache. Kikiondoka na tope kwenye soli, yamezidi.

Panapokosekana maji ya kutosha, kloridi ya kalsiamu au ya magnesi inaweza kusaidia. Ni chumvi zinazovuta unyevu kutoka hewani na kuushikilia kwenye udongo, kwa hiyo hazifui dafu mahali penye hewa kavu sana. Zinakula chuma na kuunguza mimea, basi zikae mbali na nondo, zege na bustani. Maji ya bahari yana kasoro zile zile bila faida ya kutosha.

Oili chafu isimwagwe njiani hata ikitolewa bure. Huko Times Beach, mji mdogo wa jimbo la Missouri nchini Marekani, barabara za vumbi zilimwagiwa oili chafu miaka ya 1970 ili kuzuia vumbi. Oili ilikuwa imechanganyika na dioksini, kemikali yenye sumu kali. Mwaka 1983 serikali iliamua kuununua mji mzima, wakazi wakahamishwa, na leo mji huo haupo.

Hatua ya 5: Geti, njia na magari

Mwendo ndani ya saiti uwe wa kilomita 15 kwa saa kwenye njia za udongo. Vumbi hupanda kadiri mwendo unavyopanda, na kupunguza mwendo ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote mlizonazo. Kibao peke yake hakifanyi kazi. Matuta mawili na mlinzi anayeandika namba za magari vinafanya. Ukiwalipa madereva kwa safari, ujue umewalipa wakimbie, na mpango wako wa vumbi umeshapingwa na mpango wako wa malipo.

Getini weka kitanda cha mawe: mawe makubwa ya milimita 50 hadi 75, unene wa milimita 150, urefu usiopungua mita 15, juu ya kitambaa cha jiotekstaili ili mawe yasizame. Urefu huo una sababu. Gurudumu lenye kipenyo cha mita 1 humaliza mzunguko mmoja kila baada ya mita 3 na kidogo, hivyo mita 15 zinalipa karibu mizunguko mitano ya kujikung'uta. Mawe yakijaa tope yafukuliwe na kuoshwa, la sivyo kitanda kinakuwa chanzo kingine. Kwenye udongo wa mfinyanzi kitanda peke yake hakitoshi, ongeza sehemu ya kuosha magurudumu yenye shimo la kutuamisha maji, na maji hayo yazunguke yatumike tena.

Tipa lililobeba mchanga au kifusi lifunikwe kabla ya kuondoka, na shehena isipite ukingo wa bodi. Barabara ya nje ya geti ikaguliwe mchana na jioni. Ufagio mkavu pale ni kuhamisha vumbi kutoka ardhini kwenda hewani, hivyo lowesha kwanza ndipo ufagie.

Uzio nao unahitaji neno. Bati zima huonekana imara, lakini upepo ukiligonga hupanda juu na kuanguka upande wa pili ukizungukazunguka, ukachota vumbi pale pale ulipodhani pamekingwa. Wavu wenye matundu yanayokaribia nusu ya eneo lake huuchuja upepo na kuupunguza kasi hadi umbali wa kama mara 10 ya kimo cha wavu. Kwa malundo na njia ndefu, tumia wavu. Bati libaki kwa ajili ya ulinzi.

Hatua ya 6: Kukata, kutoboa na kusaga

Hii haina mjadala: zege, tofali, mawe na vigae havikatwi vikavu. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni maji kwenye diski. Misumeno ya kukatia zege huwa na sehemu ya kuunganishia maji, na kwa msumeno wa mkononi mkondo usiopungua nusu lita kwa dakika ndio wa kuanzia. Maji yafike pale diski inapogusana na kitu kinachokatwa. Kibarua aliyesimama na chupa iliyotobolewa kizibo, anayemwagia anapokumbuka, hahesabiki kama udhibiti. Ujiuji unaotoka ukusanywe ukiwa bado umelowa, kwa sababu ukikauka ni vumbi lile lile limepumzika. Grainda ya kawaida ya umeme haikutengenezwa kwa maji na inaweza kuua. Tumia mashine iliyoundwa kwa kazi hiyo, kwenye saketi yenye swichi inayokata umeme unapovuja.

Ya pili ni kufyonza vumbi kwenye chanzo: kifuniko kinachozunguka diski au mdomo wa drili, kimeunganishwa na mashine ya kufyonza yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa angalau asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3. Mashine ya kusafishia nyumba haifai, kichujio chake hunasa chembe kubwa na kuzipuliza ndogo chumbani. Ndani ya jengo lililokwisha rangi, au palipo na nyaya, njia hii ndiyo nafuu.

Usafi wa mwisho wa siku umeharibu kazi nzuri nyingi. Mafundi wamekata kwa maji siku nzima, halafu saa kumi na moja jioni kijana anapita na ufagio mkavu ghorofa nzima na wingu linasimama hadi darini. Piga marufuku ufagio mkavu ndani, na piga marufuku hewa ya kompresa kupulizia nguo. Fyonza, au lowesha kisha kusanya kwa jembe.

Barakoa ni ya mwisho kwa makusudi. Ya kitambaa haizuii chembe hizi. Tafuta yenye alama ya N95, FFP2 au, kwa kazi za silika, FFP3, na hakikisha inabana uso. Ndevu, hata za siku mbili, hufungua njia pembeni, na mwenye ndevu atahitaji kifaa cha kichwani kinachosukuma hewa iliyochujwa. Nimeona saiti zikinunua katoni za barakoa na kuhesabu kazi ya vumbi imekwisha. Barakoa humlinda aliyeivaa vizuri, kwa muda alioivaa. Mpiga plasta wa chumba cha pili hana habari nayo.

Kuhusu kubomoa, kabla ya nyundo ya kwanza jengo la zamani likaguliwe kama lina asbesto: paa za mabati ya asbesto, mabomba, vifuniko vya dari, vigae vya sakafu. Ikionekana au ikishukiwa, kazi inasimama hadi wataalamu wenye kibali waiondoe. Kumwagia maji hakuifanyi kuwa salama kuivunjavunja.

Hatua ya 7: Weka vizingiti vya upepo, na jina la wa kusimamisha

Kipimo cha Beaufort, kinachokadiria nguvu ya upepo kwa kutazama unachotikisa, kinasaidia hata bila kifaa. Daraja la 4, upepo wa kilomita 20 hadi 28 kwa saa, ndilo ambalo vumbi na karatasi huanza kuinuka. Daraja la 5, kilomita 29 hadi 38, miti midogo yenye majani huyumba. Daraja la 6, kilomita 39 hadi 49, matawi makubwa hutikisika na mwavuli hushikika kwa taabu. Kifaa kidogo cha mkononi cha kupimia upepo kitakupa namba zenyewe.

Mimi hugawa hivi. Utepe ukianza kusimama na karatasi zikiruka, boza linaongeza mzunguko na malundo yote yanafunikwa. Miti midogo ikiyumba, kuchimba na kupakia udongo upande ambao upepo unaelekea kwa majirani kunasimama, watu wanahamia ndani au upande mwingine. Upepo ukifika kilomita 40 kwa saa, kazi zote za udongo zinasimama, na boza linaendelea.

Kisha jina. "Uongozi wa saiti utaamua" maana yake hakuna atakayeamua, kwa sababu saa tisa alasiri, matipa sita yakiwa kwenye foleni, kila mtu anatazama pembeni. Andika jina la mtu na la naibu wake siku asipokuwepo. Waandikie pia mkandarasi na wakandarasi wadogo kwamba mtu huyo akisema simama hakuna atakayempinga hapo hapo. Mabishano ni ya kesho yake ofisini. Jumamosi na usiku viwe na majina yao. Niliwahi kuwa na boza lililojaa maji na dereva aliyekwenda nyumbani, Jumamosi mchana, funguo zikiwa mfukoni mwake.

Hatua ya 8: Pima na uandike

Kwa vumbi linaloonekana, sahani nyeupe tatu au nne zilizowekwa mpakani kwa saa 24, zikapigwa picha kila asubuhi kutoka umbali ule ule, zinaeleza mengi. Weka moja upande ambao upepo unatoka, maana vumbi lote si lako, na siku ya mabishano sahani hiyo ndiyo itakayokutetea. Mradi mkubwa, au ulio karibu na shule au hospitali, uwe na kifaa cha kupima PM10, yaani chembe za mikromita 10 kushuka chini, kinachotoa tahadhari papo hapo.

Daftari la kila siku liwe na mistari michache: hali ya upepo, mizunguko ya boza na saa zake, lita zilizotumika, kilichosimamishwa na nani, hali ya barabara nje ya geti. Ukurasa mmoja uwe wa malalamiko, wenye saa, mahali na kilichofanyika. Jirani aliyelalamika apigiwe simu siku ile ile. Akielezwa kwamba Jumanne kuna kubomoa kuanzia saa tatu, ataanua nguo zake mapema, nawe umepunguza nusu ya ugomvi.

Hatua ya 9: Iandike bei, kisha karatasi

Weka vumbi kama kipengele kinachojitegemea kwenye makadirio ya gharama: boza kwa siku, tangi, pampu, kitanda cha mawe, wavu, mashine za kufyonza na vichujio vya kubadilisha. Likifichwa ndani ya "gharama nyinginezo" ndilo litakalokatwa kwanza bajeti ikibana. Mikataba ya wakandarasi wadogo itaje waziwazi kwamba wanakuja na mashine zenye maji au kifyonzi, la sivyo watakuja na grainda tupu na watakuwa na haki.

Mpango wenyewe uwe wa kurasa chache: mchoro wa hatua ya 2, orodha mbili za hatua ya 1 na dawa ya kila kazi, hesabu ya maji, vizingiti, majina, daftari. Toa ukurasa mmoja wa kubandika getini na kwenye chumba cha chakula, kwa maneno ambayo kibarua wa siku ya kwanza atayaelewa. Upitiwe kwenye kikao cha asubuhi kila kazi inapobadilika, maana vumbi la kuchimba msingi na la kusaga kuta ni la watu wengine kabisa na mashine nyingine.

Mwisho wa mradi una vumbi lake linalosahaulika. Kabla ya kuwasha viyoyozi kwa mara ya kwanza, mifereji ya hewa ifunguliwe na kufyonzwa, na vichujio vya wakati wa ujenzi vitolewe viwekwe vipya. Safisha kutoka juu kushuka chini: juu ya dari, kingo za milango, kuta, ndipo sakafu. Funga madirisha, acha jengo lilale usiku mmoja, urudi asubuhi na kitambaa chenye unyevu upite tena juu ya kila kitu kilichokuwa safi jana, kabla fundi hajapiga mkono wa mwisho wa rangi.